Ndugu yangu, kabla hujahamia Mbweni



Wiki hii ndugu mmoja ameniandikia. Amepata nyumba Mbweni, hapa Dar es Salaam. Vyumba vinne, geti, ua wa watoto kucheza, na tangi kubwa la maji. Anafanya biashara Kariakoo na amepanga Magomeni. Anauliza: "Sheikh, nihamishe familia au nibaki? Mke wangu anataka, mama yangu hataki, na mimi nimeshindwa kuamua."

Ndugu yangu, nitakujibu kwa yaliyonikuta mwenyewe, kwa sababu na mimi nilitoka Magomeni nikaenda huko huko. Nitayasema hata yale yanayonitia aibu.

Kwanza tuweke jambo moja sawa. Kutaka nyumba nzuri si dhambi. Mtume wetu (S.A.W) ametufundisha kuwa miongoni mwa mambo yanayomfurahisha mtu katika dunia hii ni mke mwema, makazi yenye nafasi, jirani mwema na kipando kizuri. Na mkeo usimlaumu kwa kutaka kuhama. Mke wangu kule Magomeni alikuwa akitoka chumbani kwenda bombani lazima ajistiri kama anayekwenda sokoni, maana ua ni wa wapangaji sita. Tulipohama, siku ya kwanza alikaa uani kwake kichwa wazi, akanywa chai huku analia kwa furaha. Hilo si jambo dogo.

Lakini yatazame tena hayo mambo manne. Tukienda kukagua nyumba tunatazama nafasi, tunafikiria gari. Jirani hatumuulizii kabisa. Mimi nilikagua vigae, nikakagua hati, nikapiga hesabu ya bei. Ni nani anaishi ng'ambo ya ukuta, sikuuliza.

Na nilikwenda kukagua siku ya Jumapili asubuhi, njia nyeupe. Nikamwambia mama watoto, "Kumbe si mbali!" Jumatatu ya kwanza Barabara ya Bagamoyo ikanifundisha adabu. Ni zaidi ya kilomita 20 hadi Kariakoo, na foleni haijui kwamba wewe ni sheikh. Nikawa natoka baada tu ya swala ya alfajiri, watoto wamelala. Narudi saa mbili usiku, siku nyingine saa tatu, watoto wamelala. Maghrib naswali kwenye msikiti wowote utakaonikuta njiani. Mimi, ninayewahimiza watu kila siku waswali na watoto wao! Mafuta ya gari ya mwezi yakakaribia kodi niliyokuwa nalipa Magomeni.

Mwanangu wa miaka saba alikuwa ameanza kuhifadhi Juzuu Amma. Kule Magomeni madrasa ilikuwa nyumba ya tatu. Alikwenda mwenyewe kwa miguu, na akipitiliza kwenda kucheza mpira, mzee muuza kahawa anamrudisha. Huku madrasa ipo, lakini lazima uvuke barabara kubwa, na hakuna wa kumpeleka. Nikawa nasema, "Nitalipanga hilo, nitalipanga." Mwezi wa sita nikamwambia anisomee Suratul Bayyinah. Akaanza vizuri, katikati akakwama. Akaniangalia akasema, "Baba, niliijua tulipokuwa nyumbani."

Tulipokuwa nyumbani. Miezi sita ndani ya nyumba niliyoinunua kwa jasho langu, na mtoto bado anaiita Magomeni nyumbani.

Kisha ukaja usiku mmoja. Nilikuwa Temeke kwenye darsa. Binti yetu mdogo alikuwa na homa, mara akashikwa na degedege. Mama yake akanipigia simu, na mimi niko upande mwingine wa jiji. Ndugu zetu wote wako Magomeni. Wahenga walisema fimbo ya mbali haiui nyoka. Akambeba mtoto, akakimbilia geti la jirani, akagonga kwa nguvu. Mlinzi akauliza, "Nikamwambie ni nani anamwita?"

Wallahi, mke wangu aliniambia hapo ndipo miguu ilipomwishia nguvu. Hakujua aseme nini. Hawakujua jina lake, naye hakujua lao. Miezi minane tumetenganishwa na ukuta mmoja.

Jirani alitoka. Mama mtu mzima, Mkristo, kajifunga khanga. Hakuuliza lolote, alichukua funguo za gari akawapeleka hospitali. Nilipofika nilimkuta amekaa kwenye benchi, ameshika viatu vya mwanangu mkononi. Mtoto alipona, alhamdulillah. Nikamshukuru, nikamwomba radhi kwamba hatujawahi hata kubisha hodi. Akaniambia, "Baba, sisi tulidhani nyinyi hampendi kuzoeana na watu."

Ndugu zangu, siku hiyo niliacha kuilaumu Mbweni. Kosa lilikuwa langu. Nilikuwa nafundisha misikitini kwamba Jibril (A.S) alimuusia Mtume (S.A.W) kuhusu jirani mpaka akadhani atampa fungu la mirathi. Nilikuwa nafundisha kwamba Bibi Aisha (R.A) aliuliza kati ya majirani wawili ampe yupi zawadi, akaambiwa yule ambaye mlango wake uko karibu zaidi. Mlango uliokuwa karibu zaidi na wangu nilikuwa naupita kila siku vioo vya gari nimepandisha.

Sasa nikupe kisa kilichonisaidia. Sayyidna Umar bin al-Khattab (R.A) naye aliwahi kuishi pembezoni mwa mji, sehemu ya Awali, juu ya Madina. Hakuweza kuteremka kila siku kwenda kwa Mtume (S.A.W). Alifanya nini? Alikuwa na jirani yake wa Ki-Answari, wakapeana zamu. Siku moja anateremka Umar, siku ya pili anateremka jirani. Anayeteremka anarudi na habari za siku ile, wahyi uliokuja na mengineyo, na kumweleza mwenzake. Kisa hiki kimo katika Sahih al-Bukhari.

Umeona? Umar alikuwa mbali, lakini hakuwa peke yake. Alikuwa na mtu wa kupokezana naye zamu.

Nikaanza kumtafuta mtu wangu wa zamu. Nikampata nyumba ya tano, Muislamu mwenzangu, anafanya kazi mjini, na watoto wake nao hawakuwa wakienda madrasa. Tukakubaliana: Jumatatu na Jumatano mimi nawahi kurudi, nawapeleka watoto wote. Jumanne na Alhamisi ni zamu yake. Biashara ilipungua kidogo, sifichi. Lakini siku zangu mbili naswali Maghrib na mwanangu ubavuni. Na yule mama jirani, sahani ya futari haikosi kwake kila Ramadhani, na Krismasi yeye hutuletea soda za watoto.

Kwa hiyo, ndugu uliyeniuliza, sikwambii hamia wala usihamie. Nakwambia fanya haya kabla hujalipa hata shilingi.

Moja: nenda huko siku ya kazi. Toka Mbweni alfajiri mpaka dukani kwako, urudi jioni, uone adhana ya Maghrib inakukuta wapi.

Mbili: tembea kwa miguu kutoka kwenye nyumba hiyo hadi msikitini na madrasa, kwa hatua za mtoto wa miaka saba.

Tatu: gonga mageti matatu, jitambulishe. Ukipata hata mmoja wa kupeana naye zamu, umepata zaidi ya vigae.

Nne: kaa na mkeo na mama yako pamoja, uwasikilize. Mkeo anajua anachokosa Magomeni. Mama anajua mtakachokiacha. Wote wawili wana haki.

Kisha uswali istikhara.

Nina rafiki aliyefanya hivi, akaona hawezi kurudi nyumbani mapema hata siku moja kwa wiki. Alibaki Magomeni, akatafuta nyumba yenye ua wake peke yake, ndogo lakini ya stara. Wallahi simuoni kuwa amekosa kitu.

Allah atujaalie nyumba zenye nafasi, majirani wema, na watoto wanaotujua kabla hatujawazeekea. Aamiin.

Mfikishie ujumbe huu kila anayetafuta kiwanja.