Silaha Isiyomwaga Damu

Wahenga walisema majuto ni mjukuu. Methali hiyo nimeifundisha miaka mingi, nikaitungia maswali ya mitihani, nikasahihisha majibu yake kwa wino mwekundu. Sikujua kwamba kwangu ingekuja kwa maana yake ya wazi kabisa, ikiletwa na mjukuu wangu wa damu, likizo ya Desemba, kompyuta ikiwa mapajani pake.

Kijana huyu yuko kidato cha tano na anasoma fizikia, kemia na hisabati. Jioni, akishamaliza kuchota maji na kula, huketi barazani akacheza mchezo uitwao Stellaris, uliotolewa mwaka 2016 na kampuni ya Paradox ya Uswidi. Mwanzoni nilidhani ni michezo ile ya kufyatuliana risasi, nikawa nanung'unika. Siku moja nilivuta kiti nikatazama. Kumbe ni mchezo wa kukaa na kufikiri, wenye undugu zaidi na bao kuliko na ngumi. Mchezaji hupewa taifa lenye sayari moja, naye hulikuza mpaka lienee katika nyota nyingi. Ana chakula cha kugawa, madini ya kuchimba, mikataba ya kutia saini, na majirani wasiopendeka.

Basi, kila mwenye majirani wasiopendeka hufika mahali akatamani silaha kubwa. Mwaka 2018 watengenezaji waliongeza meli moja ya kutisha waliyoiita Colossus. Meli hiyo kazi yake ni sayari nzima, na mchezaji huchagua ataifunga silaha ya namna gani. Iko inayoipasua sayari vipande vipande, kisha vipande vikachimbwa madini. Iko inayofagia viumbe vyote kwa mnunurisho wa nyutroni na kuyaacha majengo yamesimama. Iko inayowageuza watu imani kwa nuru itokayo juu. Mwaka 2021 ikaongezwa mashine ya gharika, inayoifunika nchi kavu yote kwa maji.

"Babu," akaniambia, "mimi na wenzangu tunabishana. Wakiongeza silaha nyingine, iwe ipi? Wewe umefundisha fizikia. Tusaidie."

Ndugu msomaji, mwalimu mstaafu akiombwa msaada wa somo lake hasikii tena maumivu ya magoti. Nikaagiza daftari na kalamu.

Kwanza tulikokotoa ile ya kupasua sayari. Ili kuitawanya Dunia yetu kabisa, vipande vyake visirudi kuungana kwa nguvu ya mvutano, ingehitajika nishati sawa na ile ambayo Jua lote huitoa kwa takriban juma zima. Bomu kubwa kuliko yote yaliyowahi kulipuliwa ni lile la Wasovieti, lililolipuliwa Oktoba 1961 katika visiwa vya Novaya Zemlya, lenye nguvu ya megatoni 50 hivi. Tukagawanya. Yangetakiwa mabomu ya aina hiyo milioni moja mara bilioni moja. Kijana akapiga mluzi. Nikamwambia kwamba binadamu hawezi kuivunja Dunia. Anachoweza ni kuwavunja waliomo.

Ile ya nyutroni haikunishangaza, kwa maana si ndoto. Mmarekani Samuel Cohen aliibuni mwaka 1958. Mwaka 1978 Rais Jimmy Carter aliahirisha kuitengeneza, lakini mwaka 1981 mwenzake Ronald Reagan akaamuru itengenezwe. Nakumbuka nilivyowaeleza wanafunzi wangu habari hiyo, na mmoja akauliza: "Mwalimu, hayo majengo yatakayobaki, atakaa nani?" Sikuwa na jibu.

Kisha tukabuni zetu. Mimi nilipendekeza silaha ya kuinyang'anya sayari nguvu yake ya sumaku. Mars iliipoteza yake miaka bilioni nne hivi iliyopita, na tangu hapo upepo wa Jua umekuwa ukiipeperusha hewa yake kidogo kidogo, mpaka imebaki jangwa baridi. Hakuna mlipuko, ni kusubiri tu. Kijana akapendekeza kuusogeza mwezi karibu na sayari, mpaka mvutano uupasue na vipande vyake vianze kunyesha. Nikampa alama nane kwa kumi. Tulicheka sana usiku ule, na bibi yake akatuuliza kama kweli tuna akili timamu, mzee na mtoto kushindana kuangamiza walimwengu wakati kuku hawajafungiwa.

Kesho yake nikamuuliza yeye mwenyewe hutumia ipi. Akasema, "Mimi natumia ya ngao, babu. Sipendi kuua." Akanionyesha. Meli ilisimama juu ya sayari, ikakusanya nguvu, kisha utando ukaizunguka pande zote.

"Hakuna aliyekufa," akanieleza. "Wataendelea kulima, kuoa, hata kusoma. Ila hawatatoka tena, wala hakuna atakayeingia. Milele. Hii ndiyo silaha ya huruma."

Nikasema nimechoka, nikaenda kulala. Usingizi haukuja.

Mwaka 1987 nilikuwa mkuu wa shule moja ya sekondari ya bweni. Kulikuwa na msichana wa kidato cha nne, wa pili darasani kwa hesabu. Wasichana walipimwa, naye akaonekana ana mimba. Utaratibu wa wakati ule ulijulikana: afukuzwe. Baadhi ya walimu walitaka asimamishwe mbele ya gwaride iwe fundisho kwa wenzake. Nilikataa. Nilimwita baba yake ofisini, nikamwagizia chai, nikazungumza naye kwa sauti ya chini. Barua niliichapisha vizuri, nikatia saini, nikagonga muhuri. Sikumchapa binti yule hata fimbo moja, wala sikumtolea neno baya. Aliyempa mimba hakuulizwa na mtu. Jioni ile nilimwambia mke wangu kwamba jambo lilikuwa gumu lakini nimelimaliza kwa huruma.

Kwa huruma! Kama kijana wangu, na mimi sikupenda kuua. Nilimwacha hai, alime, aolewe, azae, na nikaufunga utando. Miaka yote niliyokaa na kiti kile nilitia saini barua za namna hiyo zaidi ya moja, na kila mara niliisifu mikono yangu kwa kuwa haikuwa na damu. Novemba 2021 serikali ilipotangaza kwamba wasichana waliojifungua waruhusiwe kurudi shuleni, niliisikia habari hiyo redioni, nikaizima redio, nikatoka kwenda kupalilia. Wakati huo sikujiuliza kwa nini niliizima.

Asubuhi nilimwambia mjukuu wangu: "Nimeipata silaha mpya ya kuwapelekea wenzako. Karatasi, saini na muhuri." Akacheka. "Babu, hiyo si ndogo sana?" Nikamsimulia habari yote bila kuificha. Alinyamaza kitambo, kisha akauliza swali ambalo sikulitegemea: "Huyo mama yuko wapi sasa?"

Nilijua alipo. Anauza nyanya na vitunguu katika soko la mji wetu. Kwa miaka mingi nimekuwa nikinunua kwenye meza za upande wa pili.

Jumamosi ile nilikwenda. Aliponiona akasimama. "Shikamoo, mwalimu." Nikaitikia, kisha nikasema nilichokwenda kusema, pale pale, wateja wakisikia. Nilimwambia kwamba sheria ilikuwepo, lakini mkono uliotia saini ulikuwa wangu, na sikuuliza wala sikupinga, na naomba radhi. Alikuwa akifuta nyanya kwa kitambaa, moja baada ya nyingine, na hakuacha.

"Nilikuwa nimebakiza miezi minne, mwalimu," akasema. "Mitihani yenyewe ilikuwa Novemba."

Hakusema amenisamehe, wala hakusema hajanisamehe. Alinipimia nyanya kilo mbili, akapiga hesabu kichwani haraka kuliko mimi, akanirudishia chenji yangu kamili.

Mjukuu wangu amesharudi shuleni. Aliniambia wenzake walilipenda sana lile wazo la sumaku. Lile la karatasi hakuwapelekea. Alisema halingefaa kwa mchezo.