Tangu Niikunjue Ramani ya Mjerumani

Zamani ukiniuliza misitu ya Usambara Magharibi imepungua kiasi gani, nilikujibu palepale. Nilikuwa na picha za setilaiti za Landsat, nazo zinaanzia 1972. Kwangu historia ya msitu ilianzia hapo, na lawama yote ilimwangukia mkulima.

Kilichonigeuza ni ramani ya Afrika Mashariki ya Wajerumani, ya kipimo cha 1:300,000, iliyoanzwa na Richard Kiepert na kumaliziwa na Paul Sprigade na Max Moisel. Lushoto humo inaitwa Wilhelmstal. Niliilaza juu ya ramani ya leo kwenye kompyuta: unatafuta vitu visivyohama, kama makutano ya mito na stesheni za reli ya Tanga (Mombo ilifikiwa 1905), unavioanisha kimoja kimoja, kisha karatasi ya zamani inavutwa hadi ikae sawa. Milimita moja pale ni mita 300 ardhini. Mstari wa kalamu tu unameza shamba la mtu na la jirani yake.

Nilipoizoea ndipo nikaziona njia. Maandishi yanajazana kando ya mapito ya wasafiri na wapimaji; mbali nayo, karatasi ni nyeupe. Weupe huo ungeweza kuusoma kuwa hapakuwa na msitu. Nilimpelekea nakala mzee mmoja wa Shume, hukohuko Usambara, akacheka.

"Mwanangu, huku hawakupita. Wangepitaje, na mierezi ilivyobanana?"

Ndiye aliyenikumbusha ule waya ambao Wajerumani waliutundika kutoka Shume hadi Mkumbara, kuteremshia mbao za mierezi relini. Kumbe mwerezi ulishapanda treni miaka mingi kabla setilaiti haijarushwa. Na leo sehemu kubwa ya kijani cha Shume ni misindano na misaipresi ya kupandwa. Kutoka angani huwezi kuitofautisha kirahisi na msitu wa asili. Ukishuka garini, unaona mistari imenyooka kama madawati ya darasani.

Siku hizi ramani zangu zina kijani, kahawia na kijivu. Kijivu ni pale ambapo hakuna aliyefika kupima. Mkubwa wangu wa kazi hakipendi, anasema kinafanya ripoti ionekane haijakamilika. Juzi kaniuliza tena kama hakiwezi kupunguzwa. Nikamwambia kinaweza, akinipa gari la kwenda kukaa na wazee.