Tano Tisa, Tatu Saba

Usiku wa kuamkia Jumamosi, tarehe 26 Oktoba 2024, niliamka saa nane na nusu, nikachemsha chai, nikavaa hedifoni na kukaa mbele ya redio. Saa tisa kamili usiku kwa saa zetu, shindano la CQ World Wide lilikuwa linaanza, na sikutaka linipite hata kwa dakika moja. Saa tisa ikafika. Kimya. Mvumo tu, kama mchele unaomiminwa kwenye ungo bila kuisha. Nilizungusha kitufe kutoka mwanzo wa masafa hadi mwisho, nikarudi tena. Hakuna mtu. Nikatoka nje na tochi kuangalia kama waya umekatika.

Asubuhi nilimpigia mzee.

“Shikamoo mzee. Redio yangu imekufa.”

“Marahaba. Antena umefunga ya mita ngapi?”

“Kumi.”

Alicheka mpaka akakohoa. “Mita kumi ni masafa ya jua, mwanangu. Jua lilikuwa limelala, na wewe ungelala. Hebu washa sasa hivi.”

Nikawasha. Masafa yalikuwa yamejaa Wajapani.

Huyu mzee nilimfuata Kigamboni miaka miwili kabla, nikitafuta makala ya ukurasa wa Jumapili. Ujana wake aliutumia melini, kwenye chumba cha redio, na alipostaafu hakuacha kuzungumza na dunia. Anafanya kinachoitwa redio ya ridhaa: si utangazaji, si biashara, ni mtu mwenye leseni anayeongea na mtu mwingine mwenye leseni popote mawimbi yanapofika. Kila mmoja anapewa alama ya wito, ambayo mimi naiita jina la hewani. La Mtanzania linaanza na 5H, la Mkenya na 5Z, la Mganda na 5X. Makala niliiandika, ikatoka, watu wakaisahau. Mimi ndiye sikuweza kusahau. Nikarudi kujifunza, nikafanya mtihani, nikanunua redio iliyotumika ya wati 100, sawa na balbu moja ya zamani, na antena nikaitengeneza kwa waya wa umeme wa kawaida: vipande viwili vya mita mbili na nusu kila kimoja, vimening’inia kwenye mianzi miwili niliyoiunganisha kwa mpira wa tyubu. Majirani waliuliza kama naweka king’amuzi.

Mwaka ule ulikuwa mzuri kwa anayeanza. Jua lina mzunguko wake wa takriban miaka 11, na Oktoba hiyohiyo NASA na NOAA walitangaza kwamba limefika kwenye kipindi cha kilele. Madoa ya jua yakiwa mengi, tabaka la juu la anga linapata nguvu ya kurudisha hata mawimbi ya mita 10 duniani, ambayo miaka mingine hupenya tu na kupotelea huko juu. Kwa hiyo kwa waya wangu wa mita tano asubuhi nilimpata Mjapani, mchana Mjerumani, na kuanzia alasiri, jua likiwa juu kwao, Wamarekani. Wati 100! Nilikuwa nikipiga kelele peke yangu chumbani.

Shindano lenyewe ni rahisi kulieleza. Una saa 48 za kuzungumza na vituo vingi kadiri unavyoweza. Kituo cha bara lingine kinakupa pointi tatu, cha nchi nyingine ndani ya Afrika pointi moja, cha Mtanzania mwenzako sifuri (usikasirike, bado anahesabiwa kwingine). Kisha jumla ya pointi inazidishwa kwa idadi ya nchi na kanda ulizozifikia, ndiyo maana mtu yuko radhi kuhangaika robo saa kumtafuta mmoja tu wa kisiwani. Dunia imegawanywa kanda 40. Sisi na Kenya na Uganda tuko kanda ya 37. Rwanda, Burundi na Kongo wako ya 36.

Na mazungumzo? Hapo ndipo mwandishi wa habari ndani yangu alipochoka mapema. Hakuna mazungumzo. Unataja jina lako la hewani, unataja usikivu wa mwenzako, unataja kanda, basi. Usikivu unapimwa kwa tarakimu mbili na alama ya juu ni tano tisa, maana yake nakusikia vizuri kabisa. Sasa sikiliza jambo hili: kwenye shindano kila mtu anampa kila mtu tano tisa. Mtu anakuambia “rudia, rudia, rudia tena, sikusikii, asante, wewe ni tano tisa.” Ni uongo uliokubaliwa na dunia nzima, na hakuna anayeona aibu, kwa sababu unaokoa muda. Namba ya kanda nayo programu ya kompyuta inaijaza yenyewe ikishaona jina. Kwa hiyo kitu kimoja tu katika biashara yote hiyo ndicho unachopaswa kukisikia kweli: jina la mtu.

Nilipolielewa hilo nilisimama kidogo.

Miaka yangu ya mwanzo gazetini nilipokea habari ya ajali kwa simu, laini mbovu, saa tatu usiku, ukurasa unasubiriwa. Chanzo changu kilinisomea majina ya waliofariki. Mmoja nikasikia Hussein, nikaandika Hussein. Kumbe walikuwa mapacha, na mnajua kwetu Waislamu wakizaliwa mapacha wa kiume majina yameshajulikana. Aliyekufa alikuwa Hassan. Hussein alikuwa hai, hospitali, na mama yao alikuwa mkoa mwingine, na alizipata habari kwa watu waliosoma gazeti. Kwa nusu siku alimlilia mtoto asiye sahihi, kisha akaanza upya. Tuliomba radhi ukurasa wa pili, mistari minne. Nilichokuwa nimekiacha kufanya ni kusema neno moja kwenye simu: “rudia.” Nililiona kama litanichelewesha. Na ukweli zaidi ni kwamba nilishalisikia jina. Angalau kichwa changu kilishanipa moja, nikalichukua.

Jumamosi jioni mzee alikuja kunitazama. Mpaka muda huo nilikuwa natembea kwenye masafa nikitafuta wanaoita, na kuwajibu mmojammoja, jinsi anayeanza anavyoshauriwa. Akasema, “Tafuta nafasi tupu, sasa uite wewe. Tanzania hawaipati kila siku.” Nikatafuta, nikauliza mara mbili kama pana mtu, nikaita. Ilikuwa kama kufungua mlango wa daladala ya Mbagala saa kumi na mbili jioni. Sauti ishirini kwa pamoja, kila moja inasukuma, hakuna hata neno unaloshika. Mikono ilinitetemeka. Mzee akaniambia polepole, “Usiwasikilize wote. Shika kipande cha mmoja. Herufi mbili tu. Mwite huyo, wengine watanyamaza.” Kweli wakanyamaza. Si wote.

Hapo ndipo programu ikawa rafiki yangu mkubwa. Ukiandika kipande cha jina, inakuonyesha orodha ya majina kamili ya washiriki wanaojulikana yanayofanana na kipande hicho. Umesikia nusu, inakupa nzima. Nikawa naenda kasi ya ajabu, watu wawili, watatu kwa dakika. Shindano lilipoisha, saa tisa usiku kuamkia Jumatatu, nilikuwa na mawasiliano 284 na shingo isiyogeuka. Nikatuma daftari langu. Mwanzo mzuri sana, nilijisemea, na nikawaambia watu kazini, ambao waliuliza kama kuna pesa.

Miezi kadhaa baadaye ikaja ripoti. Waandaaji huchukua madaftari ya washiriki na kuyalinganisha kwa kompyuta, la kwako dhidi ya la yule unayedai umezungumza naye. Ripoti haina lugha ya kubembeleza: saa fulani uliandika hivi, sahihi ni hivi. Nilikuwa na majina 17 yasiyo sahihi. Kila moja linafutwa, na juu yake unakatwa adhabu ya mara mbili ya pointi zake, kwa hiyo kosa la pointi tatu linakugharimu tisa. Pointi ziliniuma kidogo. Orodha yenyewe ndiyo iliniuma sana.

Nilikuwa nimerekodi sauti ya siku zote mbili. Kanuni haziruhusu kurekebisha daftari baada ya shindano kwa kutumia rekodi, wala orodha, wala kumwandikia mtu barua pepe. Ulichoandika wakati ule ndicho ulichosikia. Lakini ripoti ilikuwa imeshatoka, hakuna cha kurekebisha tena. Nikakaa Jumapili nzima kusikiliza sehemu zile 17. Baadhi hata leo siwezi kulaumu sikio, mvumo umeyala. Lakini kuna kumi na moja nilizoweza kulisikia jina bila shida. Mjapani mmoja anasema herufi ya mwisho ni B, anairudia, Bravo, Bravo. Mimi najibu kwa D, kwa furaha, maana D ndiyo iliyokuwa kwenye orodha. Anasema, “Negative, negative.” Nami nasikika nikisema asante sana, na kuwaita wengine.

Sauti yangu ndiyo iliyonishtua. Sikuwa na haraka ya mtu mbaya. Nilikuwa mchangamfu kabisa.

Nilimpelekea mzee rekodi ile. Aliisikiliza amefumba macho, kama wazee wa melini wanavyosikiliza. Hakunipa wosia wowote. Aliuliza tu mlingoti una urefu gani, akasema ni mfupi, na kwamba kelele zinazonisumbua huenda ni chaja ya kompyuta yangu, niinunue nyingine. Habari ya mapacha sikumwambia. Mpaka sasa hajui.

Oktoba 2025 nilishiriki tena, safari hii mwanzi umeongezwa mmoja na ile orodha ya majina nimeizima. Nililala usiku wa kwanza kama mtu mwenye akili. Nilipata mawasiliano 231, pungufu ya mwaka uliotangulia. Jumapili asubuhi, mzee akiwa kwenye kiti nyuma yangu, kuna sauti moja dhaifu ilikuwa inazama na kuibuka chini ya wengine. Nilishika herufi moja. Nikaomba kurudia. Nikashika mbili. Wakubwa wenye mitambo mizito walikuwa wanaita juu yake, mmoja akakasirika waziwazi. Nikasema hapana, yule wa mwanzo tu, rudia. Nikasoma nilichonacho, akasema “negative.” Nikaomba tena.

Ilipokwisha, mzee akaangalia saa. “Mtu mmoja, dakika mbili.”

“Ndiyo, mzee.”

“Nani huyo?”

Nikamsomea, herufi kwa herufi.