Cherehani ya Maturubai

Cherehani yangu ya kwanza ya viti vya magari ililetwa Buguruni kwa mkokoteni, imelazwa juu ya magunia na kufungwa kamba kama mgonjwa. Meza na mota vilikuja safari ya pili. Vijana wawili waliibeba kwa shida hadi barazani, nami nikasimama mlangoni nikiwaza kwamba pesa yangu yote ya upatu sasa ni chuma kile cheusi chenye harufu ya oili ya zamani.

Miaka tisa kabla ya hapo nilikuwa nashona sare za shule kwa cherehani ya miguu. Mtaa mzima uliniita Mama Sare. Aliyeniingiza kwenye viti ni kaka yangu, dereva wa daladala, wakati Hiace tulizoziita vipanya zilipokuwa zimejaa barabara za Dar es Salaam. Tajiri wake alitaka viti vivalishwe upya, na kaka akaniletea kimoja nijaribu. Nilivunja sindano nne kabla ya kumaliza upande mmoja. Nilibadilisha sindano, nikalegeza uzi, wapi. Cherehani ya nyumbani huvuta kwa meno ya chini peke yake. Leza, ile ngozi ya plastiki, inanata kwenye mguu wa mashine, sponji inabonyea katikati, na kipande cha chini kinatangulia. Unaanza vipande vikiwa sawa, unamaliza kimoja kikiwa kimezidi upana wa vidole viwili.

Fundi mmoja mzee wa Gerezani alikitazama kile kiti, akapitisha kidole kwenye mshono, akaniambia, "Mwanangu, mkono unao. Tafuta mashine inayotembea."

Mashine inayotembea ina miguu miwili. Mmoja unashika kitambaa wakati mwingine unanyanyuka, na sindano yenyewe, ikiwa bado imezama, inasogea nyuma pamoja na meno. Leza, sponji na kitambaa vinakwenda kwa hatua moja. Tuliipata kwenye karakana ya maturubai iliyokuwa ikiuza vyombo vyake: Singer 111W155, rangi imechubuka, namba inasomeka kwa shida.

Namna mzee alivyoikagua ndiyo ninayoifuata hadi leo. Hakuuliza bei. Aliutoa mkanda wa mashine, akazungusha gurudumu kwa mkono polepole, jicho kwenye sindano. Akaushika mhimili wa sindano na kuutikisa kutafuta ulegevu. Akalaza mashine, akagusa ncha ya ndoano inayochukua uzi wa bobini, kwa ukucha, kusikia kama imechongoka vizuri au ina mikwaruzo. Halafu akatoa mfukoni vipande vyake vya leza. Alishona tabaka mbili na sponji, akakunja zikawa nne, kisha akaweka tabaka moja jepesi. "Nyingi zinashona kizito," alisema, "lakini chepesi kinaonyesha kama mashine ina afya." Akauvuta mshono pande zote mbili, akaniitikia kwa kichwa. Ndipo tukazungumza pesa.

Kitu kimoja hatukukitazama. Mota ilikuwa ya umeme wa njia tatu, na nyumba yangu ilikuwa na njia moja. Ile mota inataka volti 400, ukutani kwangu kuna 230. Wiki tatu cherehani ilikaa barazani imefunikwa khanga huku nikishona sare ili nipate mota nyingine ya mtumba. Ilipofungwa, tukawasha, ikazunguka kinyumenyume na kusokota uzi chini ukawa fundo. Fundi umeme alibadilisha nyaya mbili ndani, ikageuka. Anayetaka kununua leo ningemshika mkono na kumpeleka moja kwa moja kwenye kibati cha mota, asome volti na njia, kabla hajaigusa sindano.

Mota ya klachi huzunguka muda wote swichi ikiwa imewashwa, na mguu wako ndio unaoamua ishike kiasi gani. Mguu wangu ulizoea kupiga kanyagio. Niligusa kidogo tu, mashine ikakimbia na kipande chote kabla sijashtuka. Vidole vyangu vilisalimika kwa sababu nilikuwa nimeviweka mbali, na usiku ule sikulala vizuri. Kesho yake nikaenda kutafuta puli ndogo. Puli ya mota ikiwa nusu ya ile ya zamani, mwendo wa mashine unapungua nusu, na nguvu ya kupenya inaongezeka. Kwa kiti cha gari hilo ndilo unalolitaka. Mistari iliyonyooka ni michache, kona ndizo nyingi, na kwenye kona mimi huacha kanyagio kabisa, nikazungusha gurudumu kwa mkono, tundu moja moja.

Nilitafuta pia kishikio cha kurudisha nyuma, sikukiona. Aina ile haina. Ili mshono usifumuke, unashona tundu tatu nne, unanyanyua mguu, unarudisha kitambaa na kupita palepale tena. Urefu wa mshono nao hubadilishwa kwa kubonyeza kitufe kwenye kitanda cha mashine huku ukizungusha gurudumu. Mzee alinionyesha mara moja, akaondoka. Hapo ndipo nilipokosea, na kosa lilitokana na ufundi wangu mwenyewe.

Kwenye sare, mshono mdogo ni heshima. Mama mwenye mtoto mtundu anataka tundu zilizobanana. Kwa hiyo nilivalisha viti vyote vya kipanya cha kaka kwa mshono wa milimita 2, uzi wa nailoni, mistari imenyooka kama rula. Tajiri alifurahi. Kondakta alifurahi. Baada ya mwezi na nusu kaka alikuja jioni, hakukaa, akasema, "Dada, njoo uone."

Leza ilikuwa imepasuka kando ya mshono, kiti baada ya kiti, kama stempu inavyochanika kwenye karatasi yake. Uzi ulikuwa mzima kabisa. Khanga na vitenge vina nyuzi zinazosogea kuipisha sindano, lakini leza ikitobolewa imetobolewa, na nilikuwa nimeitoboa mara mbili ya inavyostahimili. Abiria wamekaa, wameshuka, jua la mchana limeikausha, ikaachia pale nilipoidhoofisha.

Nililia. Kisha nikachukua wembe na kuanza kufumua. Safari hii nilifanya kama nilivyopaswa tangu mwanzo: kila kipande cha zamani nikakiandika namba kwa chaki, nikaweka alama pale vinapokutana, nikakitumia kuchora kipya, maana gamba la kiti likifumuliwa vizuri ndilo ramani yake. Nikapandisha mshono hadi milimita 4, sindano namba 21, na uzi wa polista, kwa kuwa nailoni ina nguvu lakini jua huila mapema. Leza mpya nilinunua kwa pesa yangu. Tajiri hakunidai, ila kaka ndiye aliyenidhamini kwake, na kila siku gari isipotoka hesabu yake ilikuwa inasubiri.

Siku nne nilishona kuanzia alfajiri. Kiti cha mwisho kilikuwa kile cha nyuma kabisa, kirefu, chenye kona mbili mbaya, na zote mbili nilizizungusha kwa mkono. Kaka alikifunga boliti gari ikiwa barazani pangu. Kondakta akaingia, akakaa, akahama, akakaa tena kwenye kila kiti bila kusema neno. Kisha akashuka, akafunga mlango na kupiga bati mara mbili. Gari ikaondoka.