Kipimo cha Sentensi

Kando ya njia itokayo Mikumi kwenda Ifakara, katika bonde la Kilombero, ipo Kiberege. Huko yumo mtoto aliyelelewa kwa Kimbunga, Kindamba au Kipogoro, naye hukikuta Kiswahili darasani kama mgeni aingiavyo nyumba ya watu. Jioni moja mwalimu wa huko aliketi na rundo la insha juu ya mafuriko. Tahajia alikwisha kuisahihisha. Sasa alitaka kupima ukuaji wa sentensi.

Kwanza alihesabu maneno. Mvulana mmoja aliandika, "Baba alipanda mpunga na mama alipanda mahindi na mimi nilipanda maharage." Maneno 11. Msichana wa dawati la nyuma aliandika, "Mto ulipofurika tulihamia kilimani." Maneno 4. Mvulana akasifiwa; msichana akaandikiwa kwa wino mwekundu kuwa sentensi zake ni fupi mno.

Hesabu haikukosea, walakini msichana alidhulumiwa. Mwaka 1965 Kellogg Hunt, Mmarekani aliyechunguza maandishi ya wanafunzi wa darasa la 4, la 8 na la 12 nchini kwake, alionyesha kuwa mtoto mdogo hurefusha sentensi kwa kuunga tu. Akashauri kila kishazi huru kihesabiwe peke yake, pamoja na vishazi tegemezi vinavyokiandama. Kwa kipimo hicho sentensi ya mvulana huvunjika vipande 3. Ya msichana hubaki kipande 1.

Lakini Hunt naye alihesabu maneno ndani ya kila kipande, na hapo Kiswahili hupunjwa. Wastani wa mvulana hukaribia maneno 4, na wa msichana ni 4, kana kwamba hawapitani! Silabi moja, -po-, katika "ulipofurika" hubeba kazi ambayo Kiingereza hukipa neno zima. Na "asiyekuja" ni kishazi kizima ndani ya neno moja. Vikihesabiwa vishazi, kila kipande cha mvulana kina 1, cha msichana kina 2.

Wino mwekundu haufutiki. Mwalimu aliukata mstari, akaandika alama mpya pembeni. Kisha akafungua insha ya tatu. Sentensi yake ya kwanza ilikuwa na vishazi 5, "ambaye" juu ya "ambaye", wala haikujulikana ni nani aliyechukuliwa na maji. Kwa kipimo kipya, hiyo ndiyo iliyoshinda zote. Akaiweka kando mpaka asubuhi, amwite mwenyewe amsimulie.