Kijisanduku cha Safari Huko Tibet

Mama mpendwa, ni nani kati yetu aliyewahi kumfungia mtoto mzigo wa safari bila moyo kumwenda mbio? Wenzetu wa Tibet wanaijua hofu hiyo. Nchi yao iko juu sana. Mji wa Lhasa uko mita 3,650 hivi kutoka usawa wa bahari. Zamani msafiri alikwenda kwa miguu au kwa farasi, akivuka milima yenye theluji, upepo mkali na wanyang'anyi.

Basi hakutoka nyumbani bila gau. Hiki ni kijisanduku cha fedha au shaba. Wanaume walivaa kikubwa, kwa mkanda uliopita begani. Mara nyingi kina kidirisha mbele, na ndani huonekana sanamu ndogo. Humo huwekwa pia karatasi za sala za Kibuddha zilizokunjwa na kufungwa kwa uzi, vipande vya nguo za watawa wanaoheshimiwa, au punje za nafaka zilizobarikiwa. Msafiri akirudi salama, gau huwekwa mahali pa ibada nyumbani.

Wanawake huvaa kidogo, kikining'inia kifuani kwa shanga za feruzi na marijani. Kwao ni kinga na pia ni pambo. Huko Lhasa wake wa matajiri walivaa cha dhahabu chenye umbo la nyota.

Baada ya maasi ya mwaka 1959, Watibet wengi walikimbilia India na Nepal. Huko ugenini, wengi walilazimika kuuza mapambo yao ili wapate chakula. Leo vijisanduku vingi vimo katika majumba ya makumbusho ya Ulaya na Marekani.

Sisi tuliomjua Kristo hatuweki tumaini letu katika kijisanduku. Lakini tusiwacheke. Hata kwetu wapo waumini wanaofunga hirizi kisirisiri mikononi mwa watoto. Na msalaba unaoning'inia garini waweza kugeuzwa hirizi, ikiwa dereva haombi wala hapunguzi mwendo.

Soma Zaburi ya 121, iliyo miongoni mwa nyimbo za kupanda kwenda Yerusalemu. Waliokwenda huko nao walikuwa na milima mbele yao. Mwanao akisafiri, usimpungie mkono tu mlangoni. Mshike, omba naye kwa sauti, umtaje kwa jina. Maneno hayo atakwenda nayo, na hakuna mnyang'anyi awezaye kumvua.