Simu ya muadhini na amana ya Alfajiri

Sifa zote njema zinamstahiki Allah Mtukufu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na masahaba wake. Katika kurasa hizi za familia tumezoea kusoma juu ya malezi, ndoa na mirathi. Leo naomba radhi ya msomaji nizungumzie jambo linaloonekana dogo, nalo ni mfumo unaoendesha simu zetu za mkononi. Nisingethubutu kulileta hapa lau lisingegusa swala na funga za watu wa mtaa wangu, na lau mimi mwenyewe nisingekuwa na sehemu ya lawama.

Mimi ni katibu wa kamati ya msikiti mmoja ulio pembezoni mwa jiji la Tanga. Muadhini wetu ni mzee aliyevuka miaka sabini, anaishi peke yake katika chumba kilicho ubavuni mwa msikiti. Macho yake yalipopungua nguvu na kumshinda kusoma saa ya ukutani, alianza kutegemea simu yenye programu ya nyakati za swala. Simu ile ilipovunjika kioo, mwanawe alituma fedha, nami nikakabidhiwa kazi ya kumchagulia nyingine. Nilisimama dukani muda usiofika nusu saa. Nikachukua simu yenye betri kubwa, kioo kipana na bei ya kuridhisha. Nikamwekea programu ileile, nikaijaribu mara moja kwa swala ya Laasiri, ikaadhini vizuri. Mzee akaniombea dua, nami nikaondoka na moyo mweupe.

Hayo yalikuwa mwezi wa Shaabani. Ulipoingia Ramadhani, katika kumi la katikati, usiku mmoja nilikuwa nyumbani na familia yangu tumemaliza daku. Simu yangu ikatoa adhana ya Alfajiri. Nikangoja kusikia kipaza sauti cha msikiti wetu, kimya. Nikadhani umeme umekatika, lakini taa ya barazani ilikuwa ikiwaka. Nikavaa kanzu nikatoka mbio. Nilimkuta mzee wetu ameketi juu ya mswala, tasbihi mkononi, kichwa kimemwangukia kifuani. Alikuwa amekula daku mapema, akaketi kumdhukuru Mola wake huku akiingojea simu imwambie wakati, na usingizi ukamchukua. Simu ilikuwa mbele yake, ina chaji ya kutosha, na haikutamka neno.

Adhana ilitoka ikiwa imechelewa kama dakika ishirini. Msikiti wa jirani uko mbali nasi, na upepo ukigeuka hatuusikii. Nyumba kadhaa katika mtaa wetu hazina kipimo kingine cha kufunga kinywa isipokuwa sauti ya mzee huyu. Walikuwa bado wanakula. Baada ya swala imamu alieleza, kwa mujibu wa madhehebu ya Imamu Shafi, kwamba aliyekula akidhani usiku ungalipo, kisha ikambainikia kuwa alfajiri ilikwishaingia, hana dhambi ya kukusudia, lakini ataendelea kujizuia siku hiyo na atailipa baada ya Ramadhani. Miongoni mwa waliopaswa kulipa alikuwamo mama mmoja anayenyonyesha, aliyejikaza kufunga wakati ana ruhusa ya kufungua. Sikuweza kumtazama mumewe usoni.

Siku hiyo baada ya Adhuhuri mzee aliniita pembeni, akanikabidhi funguo za chumba cha kipaza sauti. "Ustadhi," akasema, "mtafuteni mwingine. Nimeikhini amana." Nilimwambia, "Mzee wangu, aliyekosea ni mimi." Hakunielewa, na kwa kweli hata mimi sikuwa nimejielewa bado. Nilimwomba abaki na funguo zake mpaka nijue kilichotokea.

Jioni ile nikaenda kwa kijana mmoja, mwanafunzi wa zamani wa madrasa yetu, ambaye sasa ni fundi wa simu. Alinifafanulia jambo ambalo nadhani kila mzazi anafaa kulijua kabla ya kutoa fedha yake.

Simu nyingi tunazotumia zinaendeshwa na mfumo uitwao Android. Kampuni ya Google iliununua mradi huo mwaka 2005, na simu ya kwanza yenye mfumo huo iliuzwa mwaka 2008. Msingi wake umeachwa wazi, hivyo mtengenezaji yeyote anaweza kuuchukua na kujenga juu yake. Ni kama unga wa ngano: mmoja atapika chapati na mwingine mandazi, na mlaji asidhani kuwa amekula kitu kimoja. Samsung wameuita upishi wao One UI. Xiaomi wana HyperOS, iliyochukua nafasi ya MIUI. Tecno wana HiOS, na Infinix wana XOS. Upande wa pili ziko simu zinazoacha mfumo karibu na ulivyo asili, bila nakshi nyingi, kama zile zilizokuwa chini ya mpango wa Android One ulioanza mwaka 2014. Hata Pixel za Google zenyewe, ambazo watu huzitaja kuwa mfano wa mfumo halisi, zina nyongeza zake.

Basi, baadhi ya watengenezaji, katika kutafuta sifa ya betri inayodumu, huweka amri kali: programu isiyofunguliwa na mwenye simu kwa muda huzimwa kimyakimya. Mfumo halisi nao una utaratibu wa kulaza programu tangu toleo la sita la mwaka 2015, lakini kanuni zake zinajulikana na zinaacha mlango kwa kengele zilizopangwa. Mtengenezaji anapoongeza kanuni zake mwenyewe juu ya hizo, mlango ule huweza kufungwa. Programu ya adhana huwekwa mara moja na kuachwa. Mzee wetu hakuwa na sababu ya kuifungua, kwani kazi yake ilikuwa kumwita yeye. Kwa simu ile, utulivu huo ulikuwa dalili kwamba programu haina kazi.

Tiba yake ilichukua dakika chache. Fundi aliingia kwenye mipangilio, akaichagua programu ile, akaiondolea vizuizi vya betri, kisha akairuhusu kujiwasha yenyewe simu inapozimwa na kuwashwa. Nilirudi nyumbani nikiwa na hasira na mifumo yote iliyopambwa, hasa kwa kuwa simu yangu, iliyoadhini usiku ule, ni ya mfumo halisi. Nilikuwa na kisa kingine pia. Miezi michache kabla, mwanangu wa miaka saba alishika simu ya ndugu yetu ili asikilize sura anayoihifadhi, na kabla hajafika kwenye kisomo kioo kikamwonyesha tangazo la kamari lililoletwa na programu iliyokuja na simu kutoka kiwandani. Baadhi ya watengenezaji hujazia faida ya simu ya bei nafuu kwa matangazo ya namna hiyo. Bei uliyopunguziwa dukani inalipwa na macho ya mtoto wako.

Nilifika kwenye kikao cha kamati nikiwa nimekwisha kata shauri: tununue simu ya mfumo halisi kwa ajili ya msikiti, na tuwanasihi waumini wafanye hivyo. Mweka hazina wetu, mtu mpole asiyependa kupoteza senti ya msikiti, aliniuliza maswali mawili tu. Kwanza, je, simu yangu hiyo inapokea bado masasisho ya usalama? Nilikiri kwamba yalikoma zamani. Uhalisi wa mfumo hauifanyi simu idumu milele. Siku hizi muda wa kuhudumiwa unafuata ahadi ya mtengenezaji: Google waliahidi miaka 7 kwa Pixel 8 mwaka 2023, na Samsung wakaahidi miaka 7 kwa Galaxy S24 mwaka 2024, ingawa mmoja anasifika kwa mfumo mwepesi na mwingine kwa mfumo uliopambwa. Simu za bei ya chini kwa kawaida hupata muda mfupi zaidi, za aina zote mbili.

Swali lake la pili lilinigusa zaidi. "Mama yako mzazi anatumia simu gani?" Nilinyamaza, kwa sababu nilijua anakoelekea. Mama yangu alishindwa kabisa kutumia simu kama yangu. Herufi zilikuwa ndogo na alama zimetawanyika. Nilipompa simu ya Samsung nikawasha mpangilio rahisi, wenye maandishi makubwa na alama chache, alianza kuwapigia wajukuu zake mwenyewe bila kumwita mtu. Neema hiyo imetoka kwenye mapambo yaleyale niliyokuwa nikiyalaumu. Hata jambo la kugawa kioo ili programu mbili zionekane pamoja, Samsung walikuwa nalo mwaka 2012, na Android yenyewe ikalipata kwa wote katika toleo la saba, mwaka 2016. Mtengenezaji anayeongeza huweza kuongeza kheri, na huweza kuongeza udhia.

Tukaacha kununua simu mpya. Ile ya mzee ilikwisha kurekebishwa, na fedha ya msikiti si ya kutibu hasira za katibu. Hapo imamu akatukumbusha habari ambayo nilisoma chuoni na sikuwahi kuifikiria kwa jicho hili. Katika zama za Mtume (s.a.w.) walikuwapo waadhini wawili wa Madina wakati wa alfajiri, Bilal na Ibn Ummi Maktum, Allah awaridhie. Ibn Ummi Maktum alikuwa haoni, na hakuadhini mpaka aambiwe kuwa kumepambazuka. Upofu wake haukumvua cheo, kwa sababu aliwategemea watu waaminifu waliompasha habari.

Kosa langu nililiona hapo. Mzee wetu naye alihitaji mpasha habari, nami nikamchagulia mmoja ambaye sikumchunguza. Nilitazama ukubwa wa kioo. Sikuuliza itafanya nini usiku wa manane, nani ameipa amri, na amri hizo zinabadilishwaje. Mtu akija kutoa ushahidi mbele yetu tunauliza mwenendo wake. Kifaa kinachobeba ibada za watu hatukiulizi kitu, tunakitoa kwenye boksi na kukiamini.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, unapotaka kuchagua kati ya mfumo halisi na mfumo uliopambwa, usianze na majina ya kampuni. Anza na atakayeishika. Ikiwa ni mzazi mwenye macho dhaifu, mapambo yenye maandishi makubwa yanaweza kuwa rehema kwake. Ikiwa ni mtoto, mfumo usio na programu nyingi za kiwandani una matangazo machache ya kufukuzana nayo. Na ukinunua uliopambwa, kaa nao jioni moja, ondoa usichokihitaji, zima matangazo na arifa kabla hujamkabidhi. Ikiwa kuna programu ambayo lazima ifanye kazi wakati hakuna anayeitazama, iwe ya adhana au ya kumkumbusha mgonjwa dawa, iruhusu katika mipangilio ya betri, kisha ijaribu usiku kucha simu ikiwa imelala, maana jaribio la mchana mmoja ndilo lililonidanganya mimi. Rudia jaribio hilo kila mfumo unaposasishwa, kwa kuwa masasisho huweza kurudisha vizuizi. Na muulize muuzaji simu hiyo itapata masasisho ya usalama kwa miaka mingapi. Asipojua, ulizia kwingine.

Mzee aliendelea na kazi yake. Tulimpa pia saa ndogo ya mezani yenye kengele, na kamati ikaweka zamu ya vijana wawili wanaofika kabla ya Alfajiri kumgongea mlango. Mara nyingi wanamkuta yu macho, na wanaketi naye wakimsikiliza akisimulia Tanga ya ujana wake. Siku ile ya kwanza ya zamu nilikwenda mwenyewe. Simu iliadhini kwa wakati wake, mzee akaitazama, kisha akanigeukia. "Ustadhi, na yako inasemaje?" Nikamwambia wakati umeingia. Akainuka, akashika kipaza sauti.

Siku tuliyoidaiwa wengi wetu tuliilipa pamoja mwezi wa Shawwal, na futari ya siku hiyo niliiandaa mimi nyumbani kwangu. Mimi sikuwa na deni la funga, lakini nilifunga nao. Yule mama anayenyonyesha hakuwamo, kwa kuwa imamu alimwambia asijikalifishe, atalipa mtoto atakapoacha ziwa. Namwomba Allah amfanyie wepesi, atusamehe tulipozembea, na atujaalie kuwa waangalifu katika amana ndogo na kubwa. Wabillahi tawfiq.